Ijumaa ya Sato: Jumuiya Zijiandaeje kwa Kwaresima

Ukimwambia mtu wa Dodoma asile nyama siku ya Ijumaa, umemgusa. Ukimwambia mtu wa Kirumba, hapa Mwanza, anateremka soko la samaki la Mwaloni, anachagua sato mzima, anamkaanga, anamsindikiza na ugali wa moto na kachumbari, na Ijumaa yake inakuwa tamu kuliko Alhamisi. Sheria ya Kanisa hajaivunja hata kidogo, maana samaki hahesabiwi kuwa nyama. Lakini kama kuna kitu amejinyima, mimi sijakiona.

Naanzia hapo kwa sababu tunapopita maparokiani kuwaandaa viongozi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo na makatekista kwa ajili ya Kwaresima, siku arobaini za toba kabla ya Pasaka, swali la kwanza huwa hilohilo: tule nini, tusile nini? Ni swali la haki na lina majibu. Ila huku ziwani majibu ya sahani peke yake hayatoshi. Anayetaka Ijumaa yake iwe na uzito inabidi aangalie na mfuko: chakula cha leo kimepungua gharama kiasi gani kuliko cha siku zote, na kilichopungua kimekwenda kwa nani?

Tumalize sheria kwanza. Katika amri za Kanisa tulizokariri kwenye mafundisho tulizoea kuzisikia siku mbili, Jumatano ya Majivu inayofungua Kwaresima, na Ijumaa Kuu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, ikifuata utaratibu aliouweka Papa Paulo VI tarehe 17 Februari 1966, inakwenda mbele zaidi. Kanuni ya 1251 inataka kuacha nyama kila Ijumaa, na siku hizo mbili iwe kuacha nyama pamoja na kufunga. Kanuni ya 1253 inalipa Baraza la Maaskofu nafasi ya kupanga namna nyingine za toba, kwa hiyo tangazo la jimbo lako lisikilizwe. Kuacha nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14. Kufunga kunamhusu mwenye miaka 18 hadi anapotimiza 59.

Kufunga maana yake ni mlo mmoja kamili kwa siku. Asubuhi na jioni unaweza kutia kitu kidogo tumboni kwa kadiri ya desturi ya mahali, kikombe cha uji kwa mfano, lakini usikusanye vidogo vingi vikawa mlo wa pili. Nyama ni ya ng'ombe, mbuzi, nguruwe, na kuku pia. Kuku huwasumbua watu kila mwaka, sijui kwa nini. Mayai, maziwa na mafuta ya wanyama ya kupikia hayakatazwi.

Kuna anayepanga foleni ya kupakwa majivu kwenye paji la uso saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili yuko stendi na bakuli la supu ya utumbo. Huyu amegeuza mambo. Jumatano ya Majivu si siku ya amri ya Misa. Aliyekosa kufika kanisani kwa sababu ya kazi hana kosa. Kufunga siku hiyo ndiko kulikoamriwa.

Mgonjwa, mjamzito, mama anayenyonyesha na anayefanya kazi nzito hawabanwi na kufunga. Hili lisemwe wazi kwenye jumuiya, tena na mwenyekiti mwenyewe, kwa sababu wapo wagonjwa wanaofunga kwa aibu ya kuonekana wamelegea. Mwenye kisukari anayechoma insulini akikaa na njaa kutwa, sukari inaweza kushuka akaanguka. Anayetumia dawa za TB au za kufubaza virusi vya UKIMWI asiruke dozi wala asiibadilishe saa ya kumeza kwa ajili ya mfungo. Ukiwa na shaka juu ya mwili wako, muulize daktari kabla ya kumuuliza paroko. Toba ipo ya namna nyingine: sala, kumtembelea mfiwa, kumaliza ugomvi na jirani uliodumu tangu mwaka juzi.

Sasa turudi kwa sato wetu. Hesabu ya kufunga na kutoa si jambo la jana. Wakristo wa Roma wa karne ya pili walifundishwa kwamba siku ya kufunga wale mkate na maji, wapige hesabu ya chakula ambacho wangekula, kisha thamani yake wampe mjane, yatima au fukara. Chukua familia ya Mabatini inayotumia shilingi 12,000 kwa mboga ya siku (bei nazitaja kwa mfano tu, kila nyumba ina zake). Ijumaa wakinunua sato wa 15,000, sheria wameishika na wametumia zaidi ya siku ya kawaida. Wakipika dagaa na mchicha kwa 4,000, zinabaki 8,000. Ijumaa za Kwaresima ya 2027, kuanzia ile inayofuata Majivu hadi Ijumaa Kuu, ni saba. Nyumba moja ina 56,000 mkononi. Jumuiya ya kaya kumi na tano ina 840,000, na hakuna aliyechangishwa.

Simwambii mtu sato ni dhambi. Nasema Ijumaa ya sato wa elfu kumi na tano haijampa mwenye njaa kitu.

Na kaya ambayo dagaa ndiyo mboga yake ya kila siku? Hiyo isiambiwe ikate tena. Huenda yenyewe ndiyo inayotakiwa kuandikwa kwenye orodha ya wanaopokea. Kwaresima hutukuta Februari na Machi, ada za shule zimeshakomba akiba ya Januari, na vijijini upande wa Magu na Kwimba ghala nyingi zimepungua kabla ya mavuno mapya. Kijana asiyepika kwake ana vya kukata pia: bia, soda, bando la kuangalia video usiku kucha, mikeka ya kubeti. Mikeka hasa. Kijana wa bodaboda aliyeacha kubeti kwa siku arobaini anaweza kugundua alikuwa analisha mtu asiyemjua.

Maandalizi ya jumuiya basi yaanze wiki mbili tatu kabla, na ajenda ya kwanza iwe orodha ya wahitaji. Isiwe ile ya mwaka jana iliyonakiliwa. Watu wawili au watatu wapite nyumba kwa nyumba ndani ya eneo la jumuiya, pamoja na kwa wasio Wakatoliki, waone nani amelazwa, nani amefiwa, bibi gani amebaki na wajukuu. Somo la Isaya sura ya 58, ambalo husomwa kwenye Misa ya Ijumaa inayofuata Majivu, linauliza mfungo gani Mungu ameuchagua, na linajibu lenyewe: kumgawia mwenye njaa chakula chako na kuwaleta maskini nyumbani kwako. Msomeni mkiwa na orodha mkononi.

Kisha kila nyumba iweke kibubu. Kibubu kizuri cha Kwaresima kinakaa pale familia inapolia chakula, hata kama ni kopo la maziwa lililotobolewa juu, na mtoto ndiye anayetumbukiza. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, hawahitaji kuelezwa mara mbili. Watakukumbusha wenyewe Ijumaa ukijifanya umesahau. Vibubu vivunjwe Juma Kuu, fedha zihesabiwe na watu watatu, mweka hazina aandike jumla.

Jumla tu. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Ipo tabia ya kusoma majina na viwango: fulani elfu hamsini, makofi, fulani elfu mbili, kimya. Kwenye ujenzi wa kanisa mnaweza kubishana kama inafaa. Kwenye sadaka ya Kwaresima haina nafasi, kwa kuwa Injili ya Jumatano ya Majivu, Mathayo 6, inakataza jambo hilohilo: mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Mjane wa elfu mbili akisomwa mara moja, mwakani haji.

Majivu yana kazi yake ya mikono. Yanatokana na matawi yaliyobarikiwa Dominika ya Matawi ya mwaka uliopita, yale yaliyochomekwa nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu au juu ya mlango. Jumuiya ziyakusanye matawi hayo na kuyafikisha parokiani kabla ya Dominika ya tarehe 7 Februari 2027. Yachomwe yakiwa makavu kabisa ndani ya karai safi, mahali pasipo na upepo wa ziwa, yaachwe yapoe, yatwangwe, kisha yachekechwe kwa chekeche ya unga hadi yawe laini. Msiongeze majivu ya jikoni ili yatoshe. Yakipakwa kidogokidogo, kiasi cha glasi moja huenda mbali sana.

Onyo kubwa ni maji. Mtu akiona majivu hayashiki kwenye paji la uso, anashawishika kuyakoroga yawe uji. Majivu yakikorogwa na maji hutoa magadi, na mama yeyote aliyewahi kulainishia mboga kwa magadi ya majivu anajua yanavyochuna ulimi. Yakikaa kwenye ngozi ya mtoto kutwa nzima, yanaweza kuibabua. Maji ya baraka anayonyunyiza padre yanatosha. Mkitaka yashike, tone la mafuta ya kula linafaa. Aliyesikia yanawasha anawe mara moja, wala asidhani amefuta neema. Katika Injili ileile Yesu anamwambia anayefunga anawe uso.

Kubariki majivu ni kazi ya padre au shemasi. Kupaka kunaweza kufanywa na katekista au mlei mwingine aliyepewa jukumu, hata nje ya Misa, katika ibada ya Neno. Kwa vigango (makanisa madogo ya parokia) vya visiwani ambako padre hafiki siku hiyo, majivu yaliyobarikiwa yasafirishwe mapema. Mtoto anapakwa, mkatekumeni anayejiandaa kubatizwa anapakwa, hata asiye Mkatoliki akija kwa heshima asifukuzwe. Majivu si Komunyo.

Kwa parokia zenye mialo, yaani fukwe za mitumbwi ya uvuvi, kuna jambo la kalenda ambalo ratiba za mjini hulisahau. Pasaka huwekwa Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hiyo Juma Kuu daima liko kwenye mbalamwezi, na ukirudi nyuma siku 46 hadi Jumatano ya Majivu, unaangukia mwezi mchanga au siku chache tu kando yake. Wavuvi wa dagaa wanaelewa maana yake kabla sijamaliza sentensi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka watu wanapumzika, wanashona nyavu. Basi Jumatano ya Majivu hukuta wavuvi wako kazini, na Juma Kuu huwakuta nchi kavu. Misa ya majivu ya saa kumi na mbili jioni kwenye kigango cha mwaloni itajaza akina mama peke yao. Ibada iwe saa tisa alasiri kabla mitumbwi haijasukumwa, au asubuhi dagaa wakishaanikwa. Kuungama nako kupangwe kwa mwezi huohuo: mwaka 2027 mwezi unapevuka karibu tarehe 22 Machi, Jumatatu ya Juma Kuu, kwa hiyo siku za kuelekea Matawi wanaume wa mwaloni wanaanza kupatikana. Mapadre wakienda kuungamisha huko siku hizo, hawatakaa peke yao kwenye kiti.

Wa mjini hawana kisingizio cha giza. Foleni ya kitubio ya Juma Kuu, saa tatu umesimama na padre mmoja amechoka, ni ya kujitakia. Njooni juma la pili la Kwaresima.

Mengine kwa ufupi. Aleluya haiimbwi, Utukufu hauimbwi isipokuwa kwenye sherehe na sikukuu, na vyombo vya muziki vinasindikiza sauti tu. Mpiga kinanda asitupigie vionjo virefu vya kuingilia wimbo. Ndoa haikatazwi, isipokuwa Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu, lakini ukumbi wa muziki hadi alfajiri ungesubiri. Wakatekumeni watakaobatizwa Mkesha wa Pasaka huteuliwa Dominika ya kwanza, na Dominika ya tatu, ya nne na ya tano huombewa kwa namna ya pekee. Jumuiya iwajue kwa majina na mtu awasindikize, maana wengi hupotea wiki chache baada ya ubatizo kwa kukosa wa kukaa naye benchi moja.

Majirani zetu Waislamu mwaka 2027 wanatarajiwa kuanza Ramadhani siku moja au mbili kabla ya Majivu, kutegemea mwandamo wa mwezi. Mitaa kama ya Mkuyuni na Igogo itakuwa na nyumba zinazofunga ukuta kwa ukuta. Futari ikiletwa Ijumaa na ina nyama, pokeeni kwa shukrani, muiweke ya kesho.

Makatibu waandike tarehe mbili zenye utata. Sherehe ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi 2027, ni Ijumaa, na kwa kuwa ni sherehe, kanuni ya 1251 inaondoa katazo la nyama. Anayetaka mishkaki siku hiyo ale bila kumtazama mwenyekiti, na anayetaka kuendelea na kibubu aendelee. Kupashwa Habari Bikira Maria, tarehe 25 Machi, kumeangukia Alhamisi Kuu, kwa hiyo sherehe hiyo inahamia Jumatatu tarehe 5 Aprili. WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) waliokwisha kupanga shughuli yao Machi waihamishe sasa, kabla kadi hazijachapwa.