Je, wajua kwa nini kamba wa jana hamtetei kamba wa leo?

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa sauti ya juu, kwamba chakula ulichowahi kula bila tabu hakiwezi kukuletea mzio. Imani hiyo iliniponyoka sebuleni kwa dada yangu, Kisauni, Mombasa. Mwanawe wa miaka sita alikuwa amemaliza wali wa nazi na mchuzi wa kamba. Haikupita robo saa, midomo ikamvimba, shingoni vikatanda vipele vyekundu, na sauti ikaanza kukwaruza.

"Ni hawa kamba," mamangu akasema.

"Mama, si juzi tu alikula sahani nzima?" nikamjibu, nikailaumu nazi.

Hospitalini walimdunga sindano ya adrenalini pajani, na kabla ya magharibi alikuwa akidai sharubati. Mimi nilirudi nyumbani kusoma.

Kosa langu lilikuwa kuuchukulia mzio kama sumu. Sumu haihitaji kukujua. Inakudhuru siku ya kwanza. Kamba walioharibika nao wangewashika wote waliokula sinia moja, lakini sisi wengine tulikuwa wazima. Mzio una tabia nyingine kabisa. Mwili lazima uwe umekwisha kukutana na kitu hicho, ukakiandika kuwa adui, ndipo upigane nacho. Kwa hiyo ile sahani ya juzi, niliyoileta kama shahidi wa kumtetea kamba, haikumtetea hata kidogo. Pengine ndiyo iliyomchongea.

Waliogundua jambo hili walikuwa wakitafuta kinyume chake. Mwaka 1901, Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walisafiri katika jahazi la kifahari la Albert I, mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu ya viumbe vya baharini vinavyowasha. Waliporudi Paris waliwadunga mbwa dozi ndogo, wakitumaini kuwazoesha. Mbwa mmoja, Neptune, aliistahimili dozi ya kwanza. Baada ya wiki tatu hivi alipewa tena kidogo, akaishiwa pumzi papo hapo na kufa ndani ya dakika 25. Kinga aliyotarajiwa kuipata ilikuwa imemgeukia. Wakakiita kioja hicho anafilaksia, yaani kinyume cha kinga, na mwaka 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel. Neptune hakupewa kitu.

Jambo hilo linatokeaje? Chini ya ngozi, puani, kooni na tumboni tuna seli zinazoitwa masti, zilizojaa vifuko vya histamini, kemikali inayoleta uvimbe na mwasho. Paul Ehrlich, Mjerumani aliyezipa jina, aliziona kama zimenona. Sasa zifikirie seli hizo kama wavuvi wa mshipi pale ukingoni mwa bahari, Mama Ngina. Mtoto anapokula kamba kwa mara ya kwanza na mwili wake ukamshuku, unaanza kufua ndoana maalumu za kumnasa huyo kamba tu. Ndoana hizo ni kingamwili, yaani protini za kuulinda mwili, za aina ya IgE, zilizotambuliwa katika miaka ya 1966 na 1967. Kuzifua kunachukua siku kadhaa hata wiki, na kufikia hapo sahani ilishaoshwa zamani. Mtoto hasikii lolote.

Ndoana zikiachwa zielee kwenye damu hazidumu, siku mbili tatu hivi. Zikishika kwenye seli za masti zinakaa wiki nyingi, zimetegwa. Halafu kamba anarudi. Akigusa ndoana moja peke yake, mshipi hautikisiki. Protini yake inaponaswa na ndoana mbili zilizo jirani kwa pamoja, mshipi unakaza na vifuko vinafunguka. Histamini na wenzake wanamwagika: mishipa midogo ya damu inavuja, ngozi inavimba, njia za hewa zinabana, na shinikizo la damu linaweza kuporomoka. Yote hayo kwa dakika, maana kazi ndefu ilikwisha kufanywa kimyakimya.

Hapa lazima nijirekebishe tena. "Mara ya kwanza" si lazima iwe mezani. Protini kuu ya kamba inayoleta mzio, tropomayosini, inafanana sana na ile ya mende na ya utitiri wa vumbi la godoro. Mwaka 2003 watafiti waliripoti Wayahudi wenye mzio wa utitiri, ambao dini yao inawakataza kamba na hawajawahi kuwaonja, na bado baadhi yao walikuwa na ndoana za kamba tayari kwenye damu.

Kuwa na ndoana, hata hivyo, si sawa na kuwa na ugonjwa. Nchini Ghana walipatikana watoto wa shule wenye IgE za karanga ambao hula karanga bila shida. Kichocho kilihusishwa na ndoana hizo, ambazo zilikuwa dhaifu. Sijui ni sawa kulihamisha jibu hilo hadi pwani yetu bila kupima, lakini linatosha kunizuia kukiamini kipimo cha damu peke yake.

Wala msikimbilie kuwaficha watoto chakula. Utafiti wa London wa mwaka 2015 ulifuata watoto wachanga 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Kati ya walionyimwa karanga, asilimia 17.2 walikuwa na mzio wake walipofika miaka mitano; waliolishwa mapema, asilimia 3.2. Tumbo, likitangulia, mara nyingi hufundisha mwili kuvumilia. Hizo zilikuwa karanga laini, si kashata, inayoweza kumsakama mtoto.

Kilichotupotezea muda siku ile ni Piriton, dawa ya kuzuia histamini. Inatuliza mwasho, lakini haifungui koo wala kuinua shinikizo la damu; kazi hiyo ni ya adrenalini.

Samaki, mtoto anawala kama kawaida, kwa sababu protini yao ya mzio ni nyingine. Kamba hagusi. Pweza ana tropomayosini yake, na mtoto anaidai supu ya pweza kila tukipita kwa muuzaji. Bado tunasubiri jibu la daktari.