"Inaendelea" haitoshi: ninavyokagua zamu za mawakala wa programu

Hapa Mombasa ukitaja wakala, watu humfikiria wakala wa forodha, au yule wa M-Pesa pale kona. Mawakala ninaoshughulika nao mimi ni programu. Kila mmoja huongozwa na modeli ya lugha, yaani akili bandia inayosoma na kutunga maandishi, amepewa kazi yake na vifaa vya kuifanyia, na juu yao yuko mratibu, naye pia ni programu, anayegawa kazi na kupokea majibu. Katika ofisi yetu ya Ganjoni tunawatumia kusoma hati za mizigo inayoshuka Kilindini. Mmoja hutoa nambari za kontena na uzito, mwingine hulinganisha na ankara, wa tatu huingiza kwenye hifadhidata, wa nne huandaa ripoti. Mzunguko mmoja wa kazi hiyo, tangu kuanza hadi ripoti, tunauita zamu, na zamu nyingi ni za usiku.

Asubuhi moja mwenzangu alinitangulia ofisini akanipigia simu: "Dada, wote wako kijani. Wanaendelea." Nilishtuka. Ilikuwa saa mbili na nusu, na zamu ile huisha kabla ya adhana ya alfajiri. Nilipofika nikafungua logi, yaani kumbukumbu ambamo programu huandika kila tukio na saa yake. Tukio la mwisho liliandikwa 23:40. Mwenzangu akaisoma kama saa tano na dakika arobaini usiku, akaanza kutafuta chanzo kwenye matukio ya saa hiyo. Lakini seva zetu huandika kwa UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, nasi tuko saa tatu mbele yake, kwa hiyo kazi ilisimama saa nane na dakika arobaini. Siku hizi ukurasa wetu wa hali unaonyesha pia umri wa tukio la mwisho: limepita dakika ngapi. Umri hausomeki vibaya, awe msomaji anahesabu saa za Kiswahili au za seva.

Kilichowakwamisha ni hiki. Wakala wa ankara alikuwa akimngoja wa hati amthibitishie uzito wa kontena moja, na wa hati alikuwa akimngoja wa ankara athibitishe nambari ya kontena hiyo hiyo. Kila mmoja alikuwa hai, kila mmoja alikuwa na sababu ya kungoja, na mratibu akiwatazama mmoja mmoja hakuona kosa. Akaandika "inaendelea". Kwa hiyo sasa namtaka kila wakala anayengoja aandike anamngoja nani na tangu lini. Kutokana na hayo ukurasa huchora mishale, na mshale ukizunguka ukarudi ulikoanzia, hakuna haja ya kusubiri tena.

Ugumu wa neno "inaendelea" ni wa zamani kuliko mawakala hawa. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kuwa katika mfumo ambao ujumbe unaweza kuchelewa bila kikomo kinachojulikana, hakuna kanuni isiyobahatisha inayoweza kuzihakikishia kompyuta zifikie makubaliano ikiwa hata moja yaweza kufa. Kiini chake ni kwamba ukiwa mbali huwezi kumtofautisha aliyekufa na aliye mzito. Kwa mawakala wa modeli za lugha hali ni ngumu zaidi, maana wito mmoja kwa modeli unaweza kujibiwa kwa sekunde mbili, na mwingine wa kazi hiyo hiyo ukachukua dakika kadhaa.

Dawa ya kawaida ni mapigo: kila baada ya sekunde kadhaa wakala hutuma ishara kwamba yu hai. Sisi pia tulianza hivyo, na hapo ndipo wengi hukosea. Mara nyingi mapigo hutumwa na sehemu ya programu iliyojitenga na kazi yenyewe. Kazi hukwama, ishara ikaendelea kuja kama kawaida. Debe tupu haliachi kuvuma. Pigo linalonifaa ni lile linalobeba hesabu ya kazi: nimekamilisha hati ngapi, niko kwenye ipi. Hesabu isipobadilika kwa muda tuliouweka kwa wakala huyo, kijani hugeuka njano hata kama mapigo yapo.

Tena ihesabiwe kazi iliyokamilika, isiwe idadi ya vitendo. Nimewahi kumkuta wakala ana shughuli nyingi kuliko wenzake wote, kumbe anaita kifaa kimoja kwa maelezo yale yale, seva ya upande wa pili inamrudishia 429, yaani umeomba mara nyingi mno, naye anaomba tena. Kila jaribio linakula tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kuandika, na tokeni tunazilipia. Sasa wito wa aina moja ukijirudia mara tatu bila jibu jipya, mratibu humsimamisha na kuniita.

Watu huniuliza kwa nini simuulizi wakala mwenyewe amefika wapi, maadamu anajua kuzungumza. Simuulizi kwa sababu jibu lake ni maneno yaliyotungwa kutokana na mazungumzo yaliyotangulia. Anaweza kusema "nimekamilisha hati zote" kwa lugha safi kabisa huku hati nne hazijaguswa. Hata programu ya kawaida ikifunga kwa msimbo 0, maana yake ni kwamba yenyewe haikuripoti hitilafu. Kwa hiyo "imekwisha" huandikwa na programu nyingine ndogo isiyo na modeli ndani yake: inahesabu hati zilizoingia, inahesabu rekodi zilizoko kwenye hifadhidata, inalinganisha jumla ya uzito. Bandarini karani wa kuhesabu mizigo husimama penye mzigo wenyewe akiwa na daftari lake. Hangoji kuambiwa na kuli.

Kila zamu ina nambari yake, na mratibu humkabidhi kila wakala nambari hiyo pamoja na kazi. Bila hiyo, logi za mawakala wanne huchanganyika na huwezi kujua kosa lilianzia kwa nani.

Linabaki suala la kumzima aliyekwama. Zamani niliogopa kufanya hivyo, hasa kwa wakala wa hifadhidata, kwa kuwa angeweza kuwa ameingiza nusu ya rekodi, na akianza upya mteja angeona kontena moja mara mbili. Sasa kila rekodi ina ufunguo unaotokana na nambari ya zamu, hati na kontena, na hifadhidata hukataa ufunguo uliokwisha kuwemo. Asubuhi ile ya mishale iliyozunguka tulikuwa bado hatuna ufunguo huo. Tuliwazima wote wanne, tukafuta rekodi za usiku mzima kwa mkono, na ripoti ikamfikia mteja saa kumi jioni.