Kitenzi chenye nguvu si kitenzi kilichoshinda kanuni

Hapa Dodoma wapo vijana wanaobuni lugha zao wenyewe, na baadhi wanatunga moja ya jamii ya Kijerumaniki, ukoo wa Kiingereza, Kijerumani na Kiswidi. Kazi nzuri sana. Lakini kila jedwali la vitenzi ninaloonyeshwa lina safu ya "vitenzi vyenye nguvu", na humo kimetupwa kila kitenzi ambacho mtunzi ameshindwa kukieleza.

Maana ni fupi. Kitenzi chenye nguvu huonyesha wakati uliopita kwa kubadili irabu ya mzizi: "sing" huwa "sang". Kitenzi dhaifu huongezewa d au t mwishoni: "love", "loved". Kiswahili hakifanyi lolote kati ya hayo. -Li- hukaa mbele na mzizi hauguswi.

Majina hayo aliyatoa Jacob Grimm, mwanaisimu Mjerumani, mwaka 1819, katika sarufi yake ya Kijerumani. Kwake, chenye nguvu ni kile kinachojitosheleza kwa mzizi wake. Dhaifu ni kile kinachohitaji nyongeza. Suala la kufuata au kuvunja kanuni halikuwamo. Tena vyenye nguvu vina utaratibu wao: katika Kigothi, lugha ya kale ya jamii hiyo, viko makundi saba, na hata leo "sing", "drink" na "swim" hubadilika kwa mtindo mmoja.

Linaloniumiza zaidi ni "think", "thought". Watu huona irabu imegeuka, basi wanakiita chenye nguvu. Sivyo. Ile t ya mwisho ni kiambishi; haimo katika "think". Zamani n ilidondoka mbele ya h na irabu ikarefuka, ndiyo maana umbo linatisha. Ni kitenzi dhaifu, chenye sura isiyo ya kawaida. Sasa kiweke kando ya "fight", "fought". Vinafanana masikioni, lakini t ya "fight" ni ya mzizi tangu mwanzo, na kilichobadilika ni irabu peke yake. Hicho ndicho chenye nguvu.

Wala udhaifu si kasoro. Maneno mapya huingia karibu yote upande huo: Wajerumani walipopata "googeln" walisema "googelte" bila kusita.

Kwa hiyo, wadogo zangu, ile "denkan, dahta" ya lugha mliyoibuni, iliyo sawa na "think, thought", ni nzuri na msiifute. Ihamishieni tu safu ya dhaifu, kisha muandike pembeni sauti gani ilidondoka.