Trypanosomiasis: mkazo unakaa wapi?

Wanafunzi wangu wa maabara hapa Jinja hawashindwi na malale. Mbung'o wanamjua, vimelea wanavitambua kwenye hadubini, na wengi wamesikia wazee wa Busoga wakitaja mongoota, ugonjwa ulioua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria kati ya mwaka 1900 na 1920. Kinachowakwamisha ni jina lake la Kiingereza: trypanosomiasis.

Kwa tahajia yetu mimi hulikata hivi: tri-pa-no-so-MAI-a-sis. Silabi saba. Mkazo mdogo wengine huuweka kwenye tri, wengine kwenye pa, na wote wako sawa. Mkazo mkuu hauna mjadala: ni MAI, silabi ya tatu kutoka mwisho. Hapo ndipo ulimi wa Mswahili unapogoma, kwa kuwa tumezoea kukaza ya pili kutoka mwisho, basi utasikia "a" ikivutwa weee. Kigiriki nacho kilikaza i hiyohiyo ya -iasis, kwa mfano katika elephantiasis, yaani matende. Kichocho ni schistosoMAIasis, na leishmaniasis na filariasis hufuata mkondo huo. Lakini -osis ni habari nyingine: tuberculosis hukazwa kwenye LO, ya pili kutoka mwisho, na hiyo haijawahi kumsumbua mtu darasani.

Sasa mizizi. Trypanon ni keekee ya seremala. Soma ni mwili, ileile iliyojificha ndani ya kromosomu. Haina undugu na kusoma, ingawa hakosekani wa kuuliza. Kiambishi -iasis huashiria ugonjwa, na siku hizi hasa ule unaoletwa na vimelea. Mwili-keekee, basi. Jina la kimelea lilitungwa na David Gruby kule Paris mwaka 1843, alipokiona kikijisokota kwenye damu ya chura. Naam, chura! Malale hayakuwamo kabisa. Ilibidi kungoja hadi 1903, kazi ya Aldo Castellani na David Bruce pale Entebbe ilipokihusisha kimelea cha jamii hiyo na ugonjwa wetu.

Spishi yenyewe inaitwa Trypanosoma brucei, jina iliyopewa tangu 1899, kabla ya kazi hiyo ya Entebbe. Hapo usihangaike kutafuta Kigiriki. Ni Bruce tu aliyevishwa kilemba cha Kilatini. Mimi husema BRU-si-ai. Anayesema BRU-si-i simkosoi.