Taa za mkanda za LED kwa rafu ya mboga ndani ya nyumba: hesabu zinazotangulia ununuzi

Mkanda wa LED uliopita pembezoni mwa siling ya jipsamu hung'arisha sebule nzima, na ndiyo maana wengi wanaoanza kuotesha mboga ndani ya nyumba huamini kwamba mkanda huohuo, ukibandikwa juu ya trei ya miche, utatosha. Baada ya wiki moja miche huwa imerefuka, imepauka na kulala chini. Sebule yenye mwanga wa kupendeza huwa na luksi (kipimo cha mwanga kama jicho linavyouona) mia moja hadi mia tatu hivi, wakati saladi inayotarajiwa kufunga majani vizuri chini ya taa nyeupe za LED huhitaji takriban luksi 14,000. Jicho letu hujirekebisha lenyewe linapoingia gizani au nuruni, hivyo haliwezi kuaminiwa kupima chakula cha mmea.

Kabla ya hesabu yoyote, mkulima wa ukanda wetu ajiulize kama anahitaji taa hata kidogo. Karibu na ikweta tuna saa kama 12 za mchana mwaka mzima, na jua la adhuhuri hutoa mwanga unaozidi mara kumi ule wa rafu ya taa. Mchicha, sukuma wiki na nyanya za kuzaa, ambazo zote zina njaa kubwa ya mwanga, sishauri zioteshwe chini ya taa: mwenye kipande cha uwanja au paa la kuweka makopo atazipata nje kwa gharama ndogo zaidi. Taa hupata nafasi yake kwa anayeishi katika chumba kisicho na uwanja, kwa anayekuza miche inayopaswa kulingana kimo na umri, na kwa saladi, majani ya viungo na chipukizi za mboga zinazovunwa zikiwa changa. Makala haya yanahusu rafu ya namna hiyo.

Mmea hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700, na wataalamu huupima kwa kuhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazotua kwenye mita moja ya mraba kila sekunde, kwa kipimo cha maikromoli (sehemu ya milioni ya moli, kizio cha kuhesabia chembe nyingi mno). Saladi hufanya vizuri kwa maikromoli 200 hivi zikiwaka saa 16 kwa siku, jumla ya moli 11.5 kwa siku. Miche iliyoota karibuni hutosheka na 100 hadi 150. Asiye na kifaa maalumu cha kupima fotoni anaweza kutumia kipima luksi, hata kile cha programu ya simu ingawa hicho hubahatisha, kisha akagawanya luksi za taa nyeupe ya LED kwa 70 ili kupata makadirio ya maikromoli. Kigawanyo hicho hakifai kwa taa za zambarau, zinazochanganya nyekundu na buluu, kwa sababu luksi hupimwa kwa kufuata jicho la binadamu, ambalo huona vizuri kijani na kuona hafifu nyekundu na buluu.

Tuchukue rafu yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 60, yaani mita za mraba 0.72. Kuipatia maikromoli 200 kila mahali kunadai maikromoli 144 kwa sekunde zinazofika kwenye majani, na kwa kuwa sehemu ya mwanga hupotelea kandoni hata ukizungushia pande zote karatasi nyeupe, tuhesabu 180 zinazotoka kwenye taa. Hapa ndipo ubora wa mkanda unapoamua bei ya maisha yote ya mradi. Mkanda laini wa kawaida wenye lumeni (kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa) 100 kwa wati hutoa takriban maikromoli 1.4 kwa kila wati, hivyo tutahitaji kama wati 130. Vipande vigumu vyenye mgongo wa alumini vilivyotengenezwa kwa ajili ya mimea hufikisha maikromoli 2.2 au zaidi kwa wati, na kazi ileile hufanywa na wati 82.

Tofauti hiyo haionekani dukani. Huonekana kwenye luku. Mkanda wa kawaida, pamoja na kinachopotea ndani ya kigeuza umeme (kifaa kinachoshusha umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za mkanda), utavuta kama wati 144 kutoka ukutani, na kwa saa 16 utakula uniti 2.3 kwa siku, karibu uniti 69 kwa mwezi. Kaya iliyo katika kundi la D1, yaani la watumiaji wadogo wa umeme, nchini Tanzania hupewa bei nafuu kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na inayozidi hapo hulipia uniti za ziada kwa bei ya juu sana. Rafu moja, basi, inaweza kumeza karibu nafuu yote ya nyumba, na jokofu na pasi vikahamia kwenye bei ya juu. Vipande bora vitatumia kama uniti 44. Huwa nawashauri wanaouliza wapige hesabu hii kwa bei ya luku yao wenyewe kabla ya kuvutiwa na roli la mkanda la bei rahisi.

Kuhusu rangi, shauri langu ni fupi: chukua nyeupe ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,000 hadi 5,000. Ina buluu ya kutosha kuzuia miche isirefuke ovyo, ina nyekundu ya kutosha kwa usanisinuru, na chini yake utaona vidukari na madoa ya ukungu mapema, jambo ambalo mwanga wa zambarau huficha. Mikanda ya rangi nyingi yenye rimoti ni ya mapambo.

Tukibaki na mkanda wa kawaida wa wati 14.4 kwa mita, wati 130 ni takriban mita tisa. Mistari minane ya mita 1.1 itapangika vizuri juu ya rafu yetu, ikiachana sentimita saba hadi nane katikati na kukaribiana kidogo zaidi pembezoni, ambako mwanga hupungua kwa kukosa jirani wa upande mmoja. Kata mkanda penye alama tu. Juu ya majani acha sentimita 20 hadi 30. Ibandike mistari kwenye bapa la alumini, si kwenye ubao: gundi ya mgongoni huachia kwenye mbao kwa joto, na vijitaa visivyo na mahali pa kupeleka joto hufifia kabla ya wakati wake. Ninapenda pia mistari iunganishwe kwa zamu kwenye swichi mbili, minne kwa minne, ili miche michanga iwashiwe nusu na mikubwa iwashiwe yote.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la kuunganisha mistari yote mfululizo, mwisho wa mmoja ukishika mwanzo wa mwingine. Njia za shaba ndani ya mkanda ni nyembamba. Umeme unaosafiri mita tisa ndani yake hupungua volti njiani, mstari wa kwanza unawaka vikali na wa mwisho unakuwa kama mshumaa. Kila mstari upewe nyaya zake kutoka kwenye waya mkuu mnene. Chagua pia volti 24 badala ya 12: kwa wati 127 za mistari yetu, volti 12 zinadai ampea 10.6 wakati volti 24 zinadai 5.3, na kwa kuwa upotevu kwenye waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, nusu ya ampea ni robo ya hasara. Kigeuza umeme kisibebeshwe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo hapa cha wati 200 ndicho kinachofaa, na fyuzi iwekwe kwenye upande wa volti ndogo. Kwa kuwa wati zilizoandikwa kwenye roli mara nyingi si za kweli, pima kwa ampea au kwa kipima umeme cha kuchomeka ukutani kabla ya kufunga.

Kwenye rafu ya mboga kuna maji. Mkanda wenye kinga ya IP65 huvumilia matone ya kunyunyizia, ingawa utando wake wa silikoni huzuia joto na hula mwanga kidogo. Kigeuza umeme kikae juu ya usawa wa trei, waya ukishuka kwanza kisha kupanda kuingia ndani yake, ili tone linalofuata waya lidondoke chini. Upande wa ukutani ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, na saketi hiyo iwe na kikata umeme cha uvujaji cha miliampea 30.

Karibu kila wati inayoingia chumbani huishia kuwa joto. Katika Dar es Salaam au Mombasa, wati 144 kwenye chumba kisichopitisha hewa zinatosha kuisukuma saladi ianze kutoa shina la maua na kuwa chungu. Taima iwashe taa saa kumi na mbili jioni na kuzizima saa nne asubuhi, ili mzigo mkubwa wa joto uangukie usiku, na feni ndogo ipulize juu ya majani. Zisiachwe zikiwaka usiku na mchana: miche ya nyanya hupauka na kuumia majani ikikosa giza. Spinachi ya Ulaya nayo hukimbilia kutoa maua siku zikiwa ndefu, tofauti na ile pana yenye shina nene inayouzwa sokoni kwetu kwa jina hilohilo, ambayo ni jamii ya kiazisukari na huvumilia saa hizo 16.