Farasi jike mwenye mimba: tayarisheni mapema

Kila mvua zinapokaribia Lubumbashi, ofisi yetu ya mifugo hupigiwa simu na wenye farasi, mara nyingi usiku wa manane, mambo yakiwa yameshaharibika. Mengi yangezuilika.

Farasi si ng'ombe. Mimba yake ni ya miezi 11 hivi. Siku 320 hadi 360 ni kawaida. Anayehesabu miezi 9 kisha akatafuta sindano ya "kumharakisha" anamuua mtoto. Tumeshasema, tunarudia.

Wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, mama achanjwe pepopunda na ahamishiwe banda atakalozalia, ili kinga ipitie katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza. Chuchu zikitoa kitu kama nta, zimebaki siku chache. Namba ya daktari iwe karibu.

Chupa ikipasuka, mtoto atoke ndani ya nusu saa. Zikipita dakika 20 bila maendeleo, piga simu. Ukiona utando mwekundu ukitangulia badala ya ule mweupe, upasue papo hapo, usimsubiri daktari. Kisha hesabu: ndani ya saa 1 mtoto asimame, ndani ya saa 2 anyonye, ndani ya saa 3 kondo la nyuma litoke. Lisivutwe, wala lisitupwe. Litiwe kwenye ndoo tulikague kama limetoka lote. Na jamani, dang'a si uchafu wa kukamuliwa chini! Mtoto huzaliwa karibu bila kinga, na baada ya saa 24 utumbo wake hauipokei tena.

Sasa karatasi. Anayenunua farasi mwenye mimba Zambia na kumpitisha mpaka wa Kasumbalesa aombe kibali kabla mnyama hajapakiwa. Awe na cheti cha afya cha daktari wa serikali wa huko, chenye muhuri, hati yenyewe na si fotokopi. Rangi na alama zilizoandikwa zilingane na mnyama, hata baka jeupe la kipajini. Pasipo hayo, mnyama huzuiwa, hutengwa au hurudishwa, na gharama ni za mwenyewe. Kumjua mkubwa fulani hakubadilishi kitu. Tunachokihofia ni tauni ya farasi ya Afrika, inayoenezwa na visubi, hasa wakati wa mvua. Chanjo yake ipo, lakini kwa mwenye mimba isidungwe kabla daktari hajamwona.