Jiko la Mkaa Lisilale na Watoto

Kuanzia Juni hadi Agosti, mkazi wa Arusha au wa vijiji vya juu vya Moshi hahitaji kuambiwa kuwa ni msimu wa baridi. Wingu hukaa juu ya Meru, nguo hazikauki, na jioni jiko lililopikiwa uani huingizwa ndani ili chumba kipate joto. Hapo ndipo sisi wa huduma za watoto huanza kuwa na wasiwasi. Baridi yenyewe mtoto mwenye afya huivumilia akivishwa vizuri. Tunazidi kuogopa yale yanayofanywa nyumbani ili kuifukuza.

Wengi huamini kuwa mkaa ukishashika na moshi ukaisha, hatari nayo imeisha. Sivyo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu huendelea kupumua kama kawaida huku mwili wake ukikosa oksijeni. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, ndiyo maana huathirika mapema. Dalili hufanana na za malaria au chakula kilichoharibika: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kulegea, usingizi usio wa kawaida. Zikiwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa pamoja na jiko limo ndani, msianze kutafuta panado. Tokeni nje wote, kisha nendeni hospitali, hata kama watoto wanaonekana kupata nafuu.

Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko litoke kabla hamjalala, na majivu juu ya makaa yasiwadanganye. Chini yake moto bado upo.

Asubuhi ni zamu ya maji ya kuoga. Beseni liwekwe maji baridi kwanza, ya moto yafuate, kisha mzazi apime kwa kiwiko. Wanaotumia hita ya kuchovya kwenye ndoo waichomoe ukutani kabla ya kugusa maji, na mtoto asiachwe humo chumbani hata kidogo. Chupa ya chai nayo isikae juu ya kitambaa kinachoning'inia mezani, maana anayejifunza kusimama hushika chochote kilicho mbele yake.

Akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Vua nguo iliyolowa, isipokuwa iliyogandamana na ngozi, na mwili uliobaki uufunike asishikwe na baridi. Dawa ya meno, ute wa yai na unga wa ngano havina kazi hapa. Bibi akileta asali, mpokee kwa heshima na uiweke kabatini.

Mafuta ya taa yasihifadhiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali, kwa sababu mafuta yakirudi kooni yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Kichanga alale chali, avishwe nguo nyepesi mbili tatu badala ya kufunikwa blanketi zito linaloweza kupanda usoni. Gusa kifua chake ujue kama ana joto. Mikono ya kichanga huwa ya baridi hata akiwa salama.

Watoto hawa wako likizo kuanzia Juni na hawawezi kufungiwa ndani mwezi mzima. Jua likitoka adhuhuri, watoeni nje wacheze rede, kombolela, kamba. Kukimbia kunaleta joto ambalo jiko haliwezi kushindana nalo. Jioni mpike mtori pamoja, mkubwa amenye ndizi, mdogo apewe kazi ya kuhesabu, halafu mtegeane vitendawili. Agosti kuna maonyesho ya wakulima ya Nane Nane kwenye viwanja vya Themi, Arusha, ambako watoto huona ng'ombe wa maziwa na sungura kwa karibu. Mwandikie mtoto namba yako ya simu kwenye karatasi, uitie mfukoni mwake kabla hamjaingia kwenye umati, na mkitoka hapo mnawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mahindi ya kuchoma na karanga ni vya wakubwa. Aliye chini ya miaka mitano hukabwa nazo kirahisi, hivyo mpe ndizi mbivu au kipande laini cha kiazi kitamu.